Sanduku la Maswali: Kwenda Tsavo Mashariki kwa Lango la Sala

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na swali moja kwa sura mbalimbali: watu wa Malindi na Lamu wanataka kujipangia wenyewe safari ya Tsavo Mashariki, wakiingilia upande wetu huu wa pwani. Tumefurahi kuzipokea, kwa kuwa mbuga hii i karibu nasi, na bado wengi hudhani ni ya wageni wa hoteli tu. Pale ambapo watu hukwama tumejibu kwa urefu. Kwingine tumepita haraka.

Tuko sita: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Tunataka kulala siku mbili ndani ya mbuga na kuingia kwa lango la Sala. Tuondoke saa ngapi, na malipo yanafanywaje?
*Mama wa Muyeye, Malindi*

Mama, safari hii ipangeni kwa muda, hesabu ya kilomita ije baadaye. Kutoka Malindi hadi Sala, kwa njia ya Kakoneni na Langobaya, ni kama kilomita 110. Aliyezoea barabara ya Mombasa akiisikia nambari hiyo atasema ni mwendo wa saa moja na nusu. Nyinyi tengeni muda wa saa tatu. Njiani kuna mifugo, kuna bodaboda zisizo na taa, na mvua ikishapiga kuna mahali maji hula kingo za barabara. Msitoke gizani. Salini alfajiri, kunyweni chai, mwondoke saa kumi na mbili kunapopambazuka, na kwenye saa tatu asubuhi mtakuwa langoni.

Ndani ya mbuga mwisho wa mwendo ni kilomita 40 kwa saa. Kutoka Sala kuufuata mto Galana mpaka upande wa Voi ni kilomita mia moja na ushei. Kwenye karatasi hiyo ni saa mbili na nusu. Mkisimama kwa ndovu, mkingoja twiga wavuke, mtoto akitaka kwenda haja na mama mkwe akitaka kunyoosha miguu, ni saa sita kamili. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na jua likizama kila gari liwe limeshatoka au liko kambini. Kwa hiyo anayeingia Sala saa nane mchana akiwa amelipia malazi upande wa Voi ameshachelewa kabla hajaanza. Ataendesha mbio, hataona mnyama, na huenda akakutana na askari gizani.

Tiketi huhesabiwa saa 24 tangu mnapoingia, nayo ni ya kuingia mara moja tu. Hapa ndipo pesa nyingi za familia hupotea bure. Mkiingia Ijumaa saa tatu asubuhi mkatoka Jumapili saa tano, mmekaa saa 50, na zile saa mbili za mwisho mtazilipia siku nzima ya tatu, watu wote pamoja na gari. Ama Ijumaa mwingie saa tano, ama Jumapili mwamke mapema na mtoke kabla ya saa tatu. Na mkivutiwa na malazi ya bei nafuu yaliyo nje ya lango, yapigieni hesabu yote: kila mnaporudi ndani ni tiketi mpya.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, halipokei pesa taslimu langoni. Malipo ni kupitia eCitizen. Lipieni Malindi kabla ya kuondoka, mpige chapa risiti au mwiweke picha yake kwenye simu, maana mtandao ukiwa dhaifu langoni mtaganda juani na watoto garini. Viwango visomeni siku ile ile ya kulipa, msitegemee vile alivyowaambia jirani aliyekwenda mwaka jana. Mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni, lakini sharti athibitishe: bebeni vitambulisho vyenyewe, si nakala, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Siku zenyewe zigaweni hivi. Ya kwanza msiwinde kuona simba. Saa tano mchana simba wa Tsavo amejilaza chini ya kichaka, gari hupita mita kumi kutoka alipo na asionekane. Fuateni mto polepole, mfike kambini kufikia saa tisa, mpumzike, kisha saa kumi mtoke tena hadi magharibi. Siku ya pili ndiyo yenu: mtoke saa kumi na mbili asubuhi hasa, mrudi saa nne, mlale mchana, mtoke tena saa kumi. Watoto wakikokotwa garini kuanzia asubuhi hadi jioni, kufikia siku ya pili hawatataka hata kuangalia nje.

Nina saluni ya petroli, injini ya 1500. Wenzangu wanasema nikodi 4x4. Ni lazima? Na nibebe vifaa gani?
*Dereva wa Barani*

Wakati wa kiangazi, upande wa Voi, barabara kuu ya kwenda bwawa la Aruba saluni hupita. Upande wa Sala tunakushauri usiipeleke. Injini yako haina neno. Shida ni kimo. Saluni iliyobeba watu watano na mizigo hushuka chini, na kwenye njia zenye mgongo katikati mawe hugonga sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini. Sampu ikipasuka oili humwagika kwa dakika chache, na ukiendelea kuendesha bila kutazama taa ya oili, injini inakwama. Hapo kuvutwa mpaka Malindi ni gharama kuliko kukodi gari linalofaa kwa siku tatu.

Ukikodi, usiridhike na kuambiwa "ni 4x4". Ukiwa bado uani kwa mwenye gari, ingiza gia ya magurudumu manne, kisha ile ya nguvu ya chini, uendeshe mita chache uone kama inashika kweli. Magari mengi ya mjini hukaa miaka bila gia hiyo kuguswa, na mkono wake huganda. Tazama spea: iwe na upepo, na isiwe imechakaa kuliko matairi yaliyo chini. Omba spea ya pili. Tsavo miiba ya migunga huchoma, na mawe hukata.

Jeki peke yake haitoshi. Chukua kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita tatu au nne, cha kuweka chini ya jeki. Bila huo, jeki huzama mchangani na gari halinyanyuki. Ongeza spana ya nati na kipande cha bomba cha kuirefusha, kwa kuwa nati zilizokazwa kwa mashine gereji hazifunguki kwa mkono. Weka pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye betri, kipimo cha upepo, vifaa vya kuziba pancha, sepetu, kamba nzito ya kuvutia, mkanda wa feni, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, waya, fyuzi, lita tano za oili, na lita kumi za maji ya rejeta zilizotengwa na maji ya kunywa. Na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Ngoja nusu saa.

Sasa mchanga. Makorongo makavu ndiyo humeza magari, na yanayoonekana mepesi ndiyo hatari. Kabla ya kuingia, simama kwenye ardhi ngumu na utazame njia yote, kisha shusha upepo: tairi la kawaida lenye upepo wa PSI 32 au 35 literemshe hadi 20 au 22. Tairi hulala, hupanuka chini, na huelea juu ya mchanga. Ingiza 4x4 kabla ya kuingia, si ukishakwama. Pita kwa gia ya pili, mwendo mmoja, bila breki na bila kubadilisha gia katikati. Gari likianza kupungua nguvu na magurudumu kuzunguka bure, ondoa mguu mara moja. Hapa ndipo wengi huharibu: hukanyaga zaidi, gurudumu huchimba, na baada ya nusu dakika gari limekalia tumbo. Ukiwahi kuacha, rudi nyuma kwa kufuata alama zako zile zile. Likiwa limeshazama, chimba mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo, teremsha upepo hadi 15, weka matawi makavu yaliyoanguka au mikeka ya gari chini ya matairi, watu washuke kando ya gari ikiwa pako wazi na pametazamwa vizuri, kisha utoke taratibu.

Ukishavuka, jaza upepo tena hapo hapo. Usiseme utajaza mbele. Tairi la 20 likipanda mawe hukatwa ubavuni, na ubavu hauzibiki, umepoteza tairi zima.

Mafuta yahesabu hivi: Malindi hadi Sala 110, mizunguko ya siku mbili kama 160, kisha 110 za kurudi au za kutokea Voi. Jumla 380. Gari la 4x4 linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 48, na ukiongeza robo kwa ajili ya mchanga na gia ya chini, lita 60. Jaza tangi Malindi mpaka pomoni, wala usihesabu kupata mafuta mpaka ufike Voi. Tangi likiwa dogo, beba lita 20 kwenye mtungi wa chuma wenye mpira kwenye mfuniko, uliofungwa wima nje ya chumba cha abiria. Mtungi wa plastiki wa maji haufai: joto huuvimbisha, na mvuke wa petroli ndani ya gari lenye watoto ni hatari kubwa.

Kijana ufukweni ameniahidi siku mbili Tsavo kwa bei ya chini mno. Nitajuaje kama ni kweli?
*Msomaji, Shella, Malindi*

Mwambie akupeleke ofisini. Kampuni ya utalii lazima iwe na leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mwenye nayo huionyesha bila kununa. Dereva muulize kama ana beji ya chama cha waongozaji safari, KPSGA, ambayo ni ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Hata ile ya shaba inaonyesha kuwa mtu amefanya mtihani wa wanyama, ndege na sheria za mbuga.

Kisha andikiana naye: ada ya mbuga imo ndani ya bei au la? Ya gari je? Chakula cha mchana? Maji? Mnalala ndani au nje ya lango? Ni watu wangapi garini, na kila mmoja ana dirisha? Paa linafunguka? Bei ya chini mara nyingi hupatikana kwa kubana hapo hapo: watu tisa kwenye van ya saba, malazi nje, na mzunguko mmoja tu wa wanyama uliofanywa kwenye jua la utosi. Safari hiyo ipo kweli, ila si ile uliyoifikiria. Lipa sehemu, chukua risiti yenye jina la kampuni, na kilichobaki ulipe siku ya kuondoka ukiliona gari.

Assalaam aleikum. Kwa nini twende mpaka Tsavo na huku kwetu kuna Boni na Dodori? Na ikiwa ni Tsavo, tukitoka Lamu asubuhi twaweza kuingia Sala siku hiyo hiyo?
*Msomaji wa Mkomani, Lamu*

Waaleikum salaam. Tuanze na la pili. Boti mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Malindi kwa njia ya Witu na Garsen, kama kilomita 220, pamoja na vizuizi vya ukaguzi na sehemu ambazo magari husindikizwa na polisi. Mtaingia Malindi mchana mkiwa mmechoka. Laleni mjini, jioni mkafanye malipo na kununua vitu, na asubuhi muanze wabichi.

Boni na Dodori zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1976, na thamani yake haina ubishi. Kuna msitu wa pwani, nyati, nyamera, na mto Dodori unaoishia kwenye mkono wa bahari ambako nguva wamekuwa wakiishi. Kuna pia jamii ya Waaweer, walioujua msitu huo kuliko mtu yeyote. Lakini tangu operesheni ya usalama ilipoanza huko mwaka 2015, si mahali pa kupeleka familia kutembea. Vilipuzi vimetegwa njiani, na gari la raia likikwama halina wa kulifikia haraka. Tunaomba msikilize maneno haya hata kama mna jamaa wanaopita huko kwa kazi zao.

Mkitaka kitu kilicho karibu zaidi na Garsen, ulizieni Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana. Ni ndogo, kilomita za mraba 169, na ndani yake mna mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, nyani wawili wasiopatikana pengine popote duniani. Mto hufurika wakati wa masika na wa vuli, na njia hukatika. Pigeni simu ofisi ya KWS kuuliza hali ya barabara na ya usalama kabla ya kufunga mizigo.

Nataka kupika mwenyewe kambini kwa siku tatu. Chakula gani kitavumilia joto, na maji kiasi gani? Pia nasikia kuna ndorobo, wale nzi wa kuuma.
*Mama wa watoto wanne, Langoni, Lamu*

Dada yetu, adui wako ni tui. Mbaazi za nazi, wali wa nazi, mchuzi wa kupaka, vyote vikishapikwa Malindi asubuhi, kufikia usiku vimechacha ndani ya gari. Nazi nzima huvumilia, kwa hiyo chukua nazi mbili tatu na mbuzi ya kukunia, ukune na kukama pale pale unapopika. Mahamri na chapati hukaa siku mbili zikipoa kabisa kabla ya kufungwa. Zikifungwa zingali na moto hutoa jasho na kuota ukungu. Nyama ichinjwe na kukatwa Malindi, igandishwe siku mbili kabla kwenye vifurushi vya mlo mmoja mmoja, na kasha la barafu lijazwe mpaka juu, kwa sababu nafasi tupu ndiyo huyeyusha barafu. Nyama ipikwe siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu ni maharagwe, mayai na tende. Samaki waache nyumbani, na ng'onda vilevile: harufu yake huvuta fisi na nyani kutoka mbali.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na nyingine 5 za udhu, vyombo na kuoga kwa kopo. Nyinyi mkiwa sita kwa siku tatu ni lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Ni uzito wa kilo 180, basi usiipange yote nyuma kabisa ya gari. Isukume karibu na viti. Iwapo kambi yako ina bomba, punguza ya kuogea, usipunguze ya kunywa. Chupa za plastiki za kutumia mara moja, sahani na vijiko vya aina hiyo vimepigwa marufuku ndani ya mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020. Tumia chupa za chuma, thamosi na sahani za nyumbani.

Kuni haziokotwi mbugani. Beba jiko la gesi na mtungi wa ziada.

Ndorobo wapo, hasa kwenye vichaka vya karibu na maji. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Buibui jeusi utaumwa ndani yake. Vaa la kahawia au la rangi ya mchanga, na watoto wasivae jinzi. Dawa ya kujipaka ya mbu haiwazuii sana. Funga vioo mnapopita vichakani na uwaue waliokwisha kuingia. Usiku ni zamu ya mbu, na malaria ipo: chandarua kwa kila kitanda, na mtoto mdogo au mja mzito amwone daktari kabla ya safari.

Mimi ni mwalimu Mambrui. Nikienda na wanafunzi wangu, ni mwezi gani wataona wanyama wengi, na niwaonyeshe nini?
*Mwalimu, Mambrui*

Mwalimu, somo lako liko mlangoni pa shule. Maji mekundu yanayoingia baharini Sabaki ni ya mto Galana, na Galana ni Athi na Tsavo zilizokutana ndani ya mbuga. Watembeze wanafunzi hadi mdomo wa mto kabla ya safari, kisha ndani ya mbuga uwaonyeshe mto huo huo ukipita baina ya miamba ya Lugard, pale ulipochonga mawe kuwa mitaro na mashimo. Huko kando yake mamba huota jua. Asishuke mtu kwenda ukingoni.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na Januari na Februari. Nchi ikikauka, vidimbwi vya ndani hukauka kwanza, na wanyama hulazimika kuja kwenye maji ya kudumu, basi ukikaa karibu na maji wao ndio wanaokuja. Mvua ikinyesha, kila mahali pana maji na majani marefu. Ndovu hutawanyika, na udongo mweusi unaonata hufunga njia za pembeni. Mandhari huwa ya kupendeza, lakini kwa basi la wanafunzi ni mashaka.

Tsavo ilitangazwa mbuga mwaka 1948. Upande wa Mashariki peke yake una kilomita za mraba 13,747, basi usijaribu kuwaonyesha kila kitu. Chagua mto, kisha bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye mto Voi, na Mudanda, mwamba wa kilomita 1.6 wenye bwawa chini yake. Waonyeshe Yatta, ule mgongo ulionyooka upande wa kaskazini wa mto: ni lava iliyotiririka kale, urefu wa kama kilomita 290. Ndovu watawaona wekundu, na wengi wataamini ndio rangi yao. Waache wachunguze wenyewe: ndovu akitoka majini ni kijivu, akishajirushia vumbi hurudi kuwa mwekundu.

Wafundishe wale ambao pwani hatunao: swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, choroa mwenye pembe zilizonyooka, tandala mdogo mwenye mistari myeupe ubavuni, na simba dume ambao wengi hawana manyoya shingoni, au wana machache. Hirola pia yupo, swala wa nchi ya Garissa na Tana River aliye hatarini kutoweka kabisa. Waliletwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na tena 1996 ili wawe na kundi la akiba mbali na makwao. Darubini moja kwa wanafunzi wanne inatosha. Chagua ya 8x42, yenye kukuza kupita hapo hutikisika mikononi mwa watoto.

Siku moja tu inatosha?
*Msomaji, Gongoni*

Inatosha kuona ndovu, viboko na twiga kando ya mto, ukiingia saa tatu na kutoka saa tisa ili ufike Malindi jua lingalipo. Usiende mbali zaidi ya kilomita 40 kutoka Sala. Ukiona gharama ni kubwa kwa saa sita, nenda Arabuko-Sokoke, karibu na Gede: msitu wa kilomita za mraba 420 wenye ndovu wake, ndege wasioonekana kwingi, na sengi mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu.

Hofu yangu ni mbili: ndovu akisimama njiani, na gari likifa tukiwa ndani kabisa. Tufanye nini?
*Baba, Ganda*

Ndovu kwanza, mzee wetu. Sheria inataka mita 20 kutoka kwa mnyama yeyote. Kwa ndovu mwenye mtoto ongeza mara mbili. Akipanua masikio, akatikisa kichwa na kukuelekea, bado anaonya. Rudi nyuma polepole, injini ikiwaka, usipige honi wala taa. Usisimame katikati ya kundi, yaani mama upande mmoja na mtoto upande wa pili, maana hapo hana la kufanya ila kuja. Dume anayetokwa na majimaji mashavuni na kudondosha mkojo akitembea yuko kwenye joto la kutafuta majike. Huyo mpishe hata kama amekufungia njia nusu saa.

Gari likifa, mtu asitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, hata kama lango mnaliona kwenye ramani. Kaeni garini. Inueni boneti, hiyo ni ishara inayojulikana na kila dereva wa mbugani. Fungueni vioo vidole vitatu, watoto wanywe maji kidogo kidogo, na mtundike leso ya rangi kali kwenye kioo cha pembeni. Kwenye njia panda za Tsavo kuna nguzo za mawe zenye nambari. Kila mnapopita mojawapo, abiria wa mbele aiandike pamoja na saa. Mkipata mtandao wa dakika moja, neno "tumekwama, kilomita tatu baada ya nguzo nambari fulani, tunaelekea mtoni" litawafikisha askari moja kwa moja, lakini "tuko karibu na mto" halitawasaidia kitu, mto una urefu wa mbuga nzima.

Na kabla ya kutoka nyumbani, mwachie mtu karatasi: nambari ya gari, majina ya waliomo, lango la kuingilia na la kutokea, kambi ya kila usiku, na nambari ya simu ya KWS uliyoithibitisha wiki hiyo. Kubalianeni saa moja ya kupiga simu kila jioni, tuseme saa moja na nusu usiku, mkiwa kambini. Mkikaa mahali pasipo mtandao, mwambieni mapema siku gani msitarajiwe. Ikifika saa tatu usiku siku iliyokubaliwa na hamjapiga, asingoje asubuhi. Apige simu KWS usiku huo huo, ili doria ya alfajiri itoke ikijua inawatafuta wapi.